Mwanafunzi wa uzamili maabarani: anatarajiwa nini, na anapimwaje

Barua ya kumpokea mwanafunzi wa uzamili au uzamivu maabarani hutaja jina lake, mada yake, msimamizi wake na tarehe ya kuripoti. Haisemi kazi yake itapimwa kwa kigezo gani, na nani, wala lini. Kijana anakuja na begi lake, anapewa kona ya meza na ufunguo, na baada ya miezi minane anaambiwa "hujitumi." Hujitumi kwa kipimo gani? Hakuna anayejua. Msimamizi alikuwa na matarajio kichwani, mwanafunzi naye alikuwa na yake, na hayakuwahi kukutana kwenye karatasi.

Ninayoandika hapa yanahusu maabara ndogo za maji na samaki hapa Kigoma, zile ambazo watu wachache wanagawana mizani moja, friza moja na boti moja. Wa Tabora wanaofanya kazi za udongo, misitu au nyuki watabadilisha mifano, lakini utaratibu ni ule ule. Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi apimwe kwa kazi ambayo mtu mwingine anaweza kuishika, kuisoma na kuirudia. Saa alizokaa kwenye kiti, unyenyekevu wake na ufasaha wake wa Kiingereza vina nafasi yake, ila visichukue nafasi ya kazi yenyewe.

Kurasa mbili za wiki ya kwanza

Makubaliano yawe kurasa mbili. Yakizidi hapo hakuna atakayeyasoma mara ya pili. Ukurasa wa kwanza ni wa mwanafunzi: saa za lazima za kuwepo, zamu za usafi na friza, siku ya kikao cha wiki, vibali anavyotakiwa kuwa navyo, na kazi tatu za kukamilisha katika miezi mitatu ya mwanzo. Ukurasa wa pili ni wa msimamizi, na nitaurudia chini, kwa sababu ndio ambao maabara nyingi husahau kuuandika.

Kwenye saa, kulazimisha saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni hakufai kwa watu wanaofanya kazi ziwani usiku. Weka saa za pamoja, tuseme saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ambapo kila mtu yupo na anaweza kuulizwa. Aliyerudi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, alfajiri na ndoo ya sampuli apumzike akishazihifadhi. Mtu aliyekesha hapaswi kushika asidi.

Vibali vichukuliwe kwa uzito mapema. Mwanafunzi wa kigeni hagusi sampuli kabla ya kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Wa hapa nchini naye ana safari yake ya barua: kutoka chuoni kwenda ofisi ya mkoa, kutoka mkoani kwenda wilayani, hadi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Anayetaka kufanya kazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe ana ngazi nyingine za hifadhi na za utafiti wa wanyamapori. Barua moja ikikwama mezani kwa mtu aliye likizo, wiki tatu zimekwenda. Kwa hiyo kwenye makubaliano andikeni tarehe ya kuanza kufuatilia vibali, na andikeni pia nani anafuatilia. "Tutafuatilia" haimbani mtu yeyote.

Halafu kuna kalenda ya mwezi, ule wa angani. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Siku zinazouzunguka mwezi mpevu mitumbwi hubaki ufukweni, mwalo wa Kibirizi umepoa, na mwanafunzi wa dagaa hana sampuli. Aliyeandika kwenye andiko lake "sampuli kila Jumatatu kwa miezi 12" ataona pengo linajirudia kila mwezi mahali pale pale, na pengo la namna hiyo haliondoki kwa ufundi wa takwimu, maana halikutokea kwa bahati nasibu. Mpango mzuri hufuata giza: wiki za giza ni za mwaloni, wiki ya mbalamwezi ni ya maabara, kompyuta na kuandika. Vikao virefu vyote, ikiwemo tathmini, viwekwe hapo.

Msimu nao uhesabiwe. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini-mashariki huchafua ziwa, na siku za boti kutoka hupungua. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa ziwa ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Utafiti uliotegemea samaki wanaoshushwa mwaloni pekee ulibaki bila kitu kwa robo mwaka. Kwa sababu hiyo kila andiko linalopita hapa liulizwe: mwalo ukifungwa miezi mitatu, utafanya nini? Jibu liandikwe. Mwanafunzi asiyekuwa na jibu hajafeli, ila bado hajaruhusiwa kuanza.

Mikono kwanza, sampuli baadaye

Sampuli ya ziwa hairudiwi. Maji ya mita 80 ya usiku ule yameshapita. Kwa hiyo kabla mwanafunzi hajagusa sampuli ya kweli, apite majaribio madogo ya mikono. Hayana alama. Kinachoandikwa ni tarehe aliyopita na sahihi ya fundi sanifu aliyemsimamia. Kurudia ni ruhusa, hata mara nne.

Jaribio la kwanza ni pipeti. Chukua pipeti ya mikrolita 1,000, maji yaliyotoneshwa yaliyokaa chumbani hadi yakafikia joto la chumba, na mizani inayosoma hadi gramu 0.0001. Mwanafunzi apime mililita moja mara kumi. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi mililita moja ya maji ina uzito wa gramu 0.997, kwa hiyo wastani wake uwe kati ya 0.987 na 1.007, na mtawanyiko usizidi gramu 0.005. Wastani ukiwa mbaya huku mtawanyiko ni mdogo, shaka iende kwenye pipeti. Mtawanyiko ukiwa mkubwa, shaka iende kwenye mkono. Makosa ya mkono ni yale yale kila mwaka: kuzamisha ncha sentimita nzima badala ya milimita chache, kuachia kitufe ghafla hadi hewa ikaingia, kuinamisha pipeti wakati wa kuvuta, na kutolowesha ncha mpya kabla ya kipimo cha kwanza.

Jaribio la pili ni samaki. Dagaa wa Tanganyika ni spishi mbili, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, na wakiwa wadogo wanachanganya hata watu wazoefu. Fundi aandae trei yenye samaki 100 waliochanganywa, ambao yeye amekwisha kuwatambua. Mwanafunzi apatie 95. Kisha apime urefu wa samaki 50, akae hadi kesho yake, awapime tena bila kuona namba za jana. Tofauti zaidi ya milimita moja iwe kwa samaki wachache sana. Hapa kuna mtego mmoja ulioharibu hazina nyingi za data: urefu hadi ncha ya mkia, urefu hadi kwenye uma wa mkia, na urefu hadi shina la mkia ni namba tatu tofauti kwa samaki yule yule. Wanafunzi wawili wakipima kila mmoja kwa mtindo wake, data zao haziungani, na hakuna atakayegundua hadi mwaka wa pili grafu zitakapokataa. Mtindo uandikwe ukutani, juu ya ubao wa kupimia.

Kwenye kuhifadhi, kanuni ni moja: anayetaka vinasaba akate kipande cha pezi kwanza, akiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ndipo samaki aende kwenye formalini ya asilimia 10. Ukianza na formalini umeharibu vinasaba. Lebo iwe karatasi iliyoandikwa kwa penseli na kuwekwa ndani ya kichupa. Wino wa makapeni huyeyuka kwenye ethanoli, na kichupa kisicho na jina hakina thamani yoyote, hata kama ndani yake kuna samaki aliyetoka mbali.

La tatu ni kupima oksijeni ya maji kwa njia ya Winkler, ile ya kutia dawa kwenye chupa ya maji. Chupa mbili za maji ya kina kimoja zitofautiane si zaidi ya miligramu 0.2 kwa lita. Zikipishana zaidi, tafuta kiputo cha hewa chini ya kifuniko, au dawa za kushikilia oksijeni zilizotiwa maabarani baada ya saa mbili badala ya kutiwa pale pale kwenye boti.

Neno kuhusu fundi sanifu. Mwanafunzi wa uzamivu hufika akiwa na shahada mbili na humkuta mtu aliyeshika vifaa hivi tangu yeye akiwa shule ya msingi. Anayemwita "kaka" au "mzee" kwa heshima na kumuuliza atajifunza kwa wiki moja kile ambacho mwongozo wa mashine hauna. Anayemtuma kuosha chupa zake ataosha mwenyewe, kwa maandishi. Maoni ya fundi yanaingia kwenye tathmini, na mwanafunzi ajue hivyo tangu siku ya kwanza.

Daftari

Kama ningeruhusiwa kupima kitu kimoja tu, ningepima daftari.

Liwe daftari gumu lililoshonwa, kurasa zina namba, hakuna ukurasa unaochanwa. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke, na herufi za mwanzo za jina pembeni. Wino usiyeyuke kwa maji. Kwenye boti tumia penseli na karatasi isiyolowa, kisha bandika karatasi yenyewe kwenye daftari siku ile ile. Usinakili ukaitupa, kwa sababu kunakili kunaingiza makosa na ushahidi unakuwa umepotea. Kila Ijumaa kurasa za wiki zipigwe picha na zihifadhiwe kwenye folda ya pamoja.

Namna ya kulipima ni rahisi. Fungua ukurasa wowote wa miezi miwili iliyopita. Mpe mwanafunzi mwingine, mwambie akokotoe klorofili (rangi ya kijani ya mwani) ya sampuli mojawapo kwa kutumia ukurasa huo peke yake, bila kumuuliza mwenye daftari. Akipata jibu linalotofautiana na lililoripotiwa kwa zaidi ya asilimia 5, ukurasa umefeli. Akishindwa kabisa kukokotoa, umefeli zaidi.

Kinachokosekana karibu kila mara ni kimojawapo kati ya vitu vinne. Ujazo wa maji uliochujwa: Tanganyika ni ziwa angavu, kwa hiyo huwa tunachuja lita moja hadi mbili kupitia kichujio cha nyuzi za kioo cha mikromita 0.7, na aliyechoka akaishia mililita 800 asipoandika, hesabu yake yote imekwenda. Ujazo wa asetoni ya asilimia 90 iliyotumika kukamua rangi. Upana wa kijichupa kilichowekwa kwenye mashine, maana cha sentimita 1 na cha sentimita 5 vinatoa usomaji unaopishana mara tano. Na usomaji wa mwanga wa nanomita 750, ambao unapunguzwa kwenye usomaji mwingine ili uchafu usihesabiwe kama klorofili. Vyote hivi vimo kwenye fomula moja. Kikikosekana kimoja, hakuna namba. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini tunasumbuana juu ya daftari. Hatupimi unadhifu. Mwandiko mbaya wenye namba zote unafaulu, na ukurasa mzuri wa rangi tatu usio na ujazo unafeli.

Data za kompyuta zifuate akili hiyo hiyo. Faili la namba ghafi halihaririwi kamwe. Masahihisho yanafanywa kwenye nakala, na yakiwezekana kwa skripti ya R, programu ya takwimu, ili yaonekane. Tarehe kwenye jina la faili ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Flashi iliyo mfukoni mwa suruali haihesabiwi.

Kuelewa, si kukariri

Kuna mwanafunzi ambaye mikono yake ni mizuri na daftari lake halina doa, ila hajui kwa nini anafanya anachofanya. Huyu hugunduliwa kwa swali moja la mdomo lililochaguliwa vizuri. Nalipenda hili: kipima oksijeni chako kinasoma miligramu 8.2 kwa lita kwenye maji ya juu yenye nyuzi 25, mchana, upepo mtulivu. Umefurahi?

Anayekariri atasema ndiyo, kwa sababu jedwali la kitabu linasema maji ya nyuzi 25 hushiba oksijeni kwenye miligramu 8.26. Lakini jedwali hilo ni la usawa wa bahari. Uso wa Tanganyika uko karibu mita 773 juu ya bahari, kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 91 ya ile ya Dar es Salaam, na kushiba kwake ni karibu miligramu 7.5. Kwa hiyo 8.2 ina maana ama kuna mwani unaofanya kazi sana, ama, na hili ndilo la kawaida, kipima kilirekebishwa kwa kanieneo ya pwani na hakuna aliyekibadilisha kilipopanda treni kuja huku. Mwanafunzi anayesema "ngoja kwanza niangalie kanieneo niliyoingiza" amefaulu hata kama hakumbuki 7.5.

Swali jingine la aina hiyo: kwa nini kushusha wavu mita 300 kutafuta dagaa wanaopumua ni kupoteza mafuta ya boti? Maji ya chini ya ziwa hili hayachanganyiki na ya juu; oksijeni huisha karibu na mita 100 upande wa kaskazini na karibu mita 200 upande wa kusini, ingawa ziwa lenyewe linashuka hadi mita 1,470. Mwanafunzi wa Tanganyika asiyelijua hilo baada ya miezi mitatu hajasoma. Nami sitampima kwa idadi ya makala alizopakua.

Kikao cha wiki

Dakika 30 hadi 45, siku ile ile, na nusu ukurasa iliyotumwa jana yake: nilipanga nini, nimefanya nini, nini kimekwama, nahitaji nini. Kipengele cha tatu ndicho roho ya kikao, na ndicho hasa wanafunzi wetu hukiacha wazi.

Sababu inajulikana. Tumelelewa kumwamkia mkubwa na kutomrudishia neno. Msimamizi akiuliza "umeelewa?", jibu ni "ndiyo mwalimu, nimeelewa," na mtu anatoka akiwa hajaelewa chochote. Heshima hiyo ni nzuri na sioni haja ya kuivunja. Kinachotakiwa ni msimamizi kubadilisha swali. Asiulize kama kijana ameelewa, amwambie, "nieleze kesho asubuhi utaanza na nini, halafu utafuata nini." Ndani ya dakika mbili utajua.

La pili, kuripoti tatizo kuhesabiwe kama sifa kwenye fomu. Umeme ukikatika usiku na friza ikapanda joto, aliyeandika asubuhi "friza ilisoma nyuzi 4 chini ya sifuri saa moja kamili, sampuli hizi na hizi zilikuwa zimeanza kulegea" amefanya kazi ya mtafiti. Aliyezifunga tena zikaganda akanyamaza amepanda kosa litakaloota kwenye tasnifu ya mtu mwingine. Lakini msimamizi anayefoka kila anapoletewa habari mbaya asishangae asipoletewa.

Fomu yenyewe

Vyuo vingi hudai ripoti ya maendeleo kila miezi sita. Kwa uzamivu hiyo inatosha. Kwa uzamili, ambao sehemu yake ya utafiti mara nyingi haizidi mwaka, miezi sita ni nusu ya safari, hivyo ifanyike kila mitatu.

Fomu yangu ina maeneo manne: kazi ya mikono na data, uelewa, uandishi, na kufanya kazi na wenzake. Kila eneo lina ngazi nne. Moja, bado hawezi. Mbili, anaweza akisimamiwa. Tatu, anafanya peke yake. Nne, anaweza kumfundisha mwingine. Ngazi hizi ni bora kuliko alama za asilimia, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kueleza tofauti ya 68 na 71 kwenye "bidii", ila kila mtu anajua kama kijana anaweza kuachiwa mashine peke yake au la. Mwanafunzi wa uzamili anayemaliza awe tatu kwenye mikono na data, na angalau mbili kwenye uandishi. Wa uzamivu, kufikia mwisho, awe nne kwenye mikono na uelewa, na tatu kwenye uandishi.

Uaminifu sijauweka kwenye ngazi. Kubuni namba, kufuta sampuli inayoharibu grafu bila kuandika, kunakili maandishi ya mtu au kupeleka maandishi ya mashine kama yako: hayo yana ndiyo au hapana, na yana utaratibu wake wa chuo.

Kila ngazi iambatane na ushahidi unaoshikika: ukurasa namba fulani wa daftari, faili, rasimu, tarehe ya jaribio. Mwanafunzi ajaze kwanza, msimamizi ajaze peke yake bila kuona ya mwenzake, fundi aongeze maoni. Ndipo mkae saa moja. Mahali ambapo mmetofautiana ngazi mbili ndipo pa kuanzia, na mara nyingi mtagundua hamkubaliani juu ya kazi yenyewe ilikuwa nini. Malizeni kwa malengo matatu yenye tarehe. "Asome zaidi" si lengo. "Rasimu ya sura ya mbinu, maneno 2,500, ifikapo 30 Septemba" ni lengo.

Wapimaji nao wana udhaifu wao, tena unaotabirika. Tukio la wiki iliyopita hufunika miezi mitano ya kazi nzuri. Ndiyo maana ushahidi uwe wa kipindi kizima. Anayeonekana huonekana ana bidii, na aliye mwaloni Katonga usiku haonekani. Matokeo "mazuri" humpandisha mtu alama, ingawa kukosa uhusiano kati ya joto la maji na mavuno ya samaki ni jibu halali kama vipimo vilikuwa sahihi. Wanafunzi wa kike hujikuta wakiandika muhtasari wa kila kikao na kuagiza chai. Kazi hizo ziwe za zamu, kwa orodha ya majina, na zisihesabiwe kuwa "ushirikiano mzuri" kwa mmoja huku kwa mwingine hazidaiwi kabisa.

Kuna na Kiingereza. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, na msimamizi anasoma aya iliyovurugika akahitimisha kuwa kijana hana akili ya utafiti. Mwambie akueleze aya hiyo kwa Kiswahili. Akieleza vizuri, tatizo ni lugha, na lugha ina dawa yake: asome aya za wengine, aandike sentensi fupi, apitie na mwenzake. Akivurugika hata kwa Kiswahili, basi hajafikiri bado, na kusahihisha sarufi yake ni kupaka rangi ukuta usiojengwa. Hayo ni matatizo mawili na yaandikwe sehemu mbili tofauti za fomu.

Ukurasa wa msimamizi

Rasimu irudishwe ndani ya siku 14, ikiwa na maoni yanayosomeka. Kemikali ziagizwe miezi miwili kabla, kwa kuwa nyingi hutoka Dar es Salaam au nje ya nchi, na bila vichujio mwanafunzi hana la kufanya. Mafuta ya boti yajulikane ni ya nani kabla ya mwezi kuanza. Hakuna anayekwenda ziwani peke yake wala bila jaketi la kuokolea, na hiyo ni kazi ya msimamizi kuhakikisha. Mwanafunzi asifanywe dereva, karani wa mikutano au msahihishaji wa mitihani ya watu zaidi ya saa mlizoandika. Kwenye tathmini ya miezi sita, ukurasa huu nao unasomwa mstari kwa mstari, na mwanafunzi anaweka alama yake. Kama rasimu ilikaa wiki tisa, kuchelewa kwa sura hiyo kusihesabiwe kwake.

Majina kwenye makala yazungumzwe kabla ya data, si baada. Vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, viko vinne na vyote vinatakiwa kwa pamoja: kuchangia kazi kwa uzito, kuandika au kuhariri kwa kina, kuridhia toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Kutoa fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi, wala cheo. Fundi aliyebuni njia ya kupima na akasoma rasimu anastahili jina. Aliyewasha mashine tu anashukuriwa. Na matokeo yarudishwe mwaloni, kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na grafu moja. Hilo lipo kwenye fomu yangu chini ya uandishi, na huwa linawasumbua wengi kuliko makala yenyewe.

Akishindwa

Ngazi ya moja mara mbili mfululizo kwenye eneo lile lile inafungua mpango wa wiki 12. Unaandikwa: anatakiwa kufanya nini, atasaidiwa na nani, atapimwa tarehe gani. Kikao kila wiki mbili. Mpimaji wa pili atoke nje ya maabara, na asiwe rafiki wa msimamizi wala mshindani wake. Mwanzoni mwa mpango mwulizeni faraghani mambo ya nje ya maabara, kwa sababu ada isiyolipwa, mgonjwa nyumbani au ajira ya usiku hufanana sana na uvivu ukitazama kwa mbali.

Baada ya wiki 12 kuna njia nne: anaendelea; anabadilisha msimamizi; anahama kutoka uzamivu kwenda uzamili kama chuo kinaruhusu; au anaacha. Njia ya tatu isichukuliwe kama aibu, data za mwaka mmoja zilizopimwa vizuri zinatosha kwa tasnifu ya heshima. Akiacha, daftari na sampuli hubaki maabarani, yeye anaondoka na nakala za kurasa zake zote, na barua yake ya utambulisho iandikwe kwa kufuata ngazi alizofikia kwenye fomu, zikitajwa kwa majina: anaweza kuendesha mashine fulani peke yake, anatambua spishi fulani, ametunza data kwa muda fulani. Barua hiyo itolewe ndani ya siku saba, kabla hajaanza kuomba kazi bila kuwa nayo.